Mama mkwe ameleta uzi wa kufunga vidole vya mwanangu

Shangazi, hujambo?

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi na sikudhani kama siku moja ningekuandikia. Nina miaka 27, ninaishi Kayole na mume wangu, na kazi yangu ni ususi. Nimesuka Kenyatta Market kwa miaka 6. Kama umewahi kupita pale unatujua: mteja mmoja, wasusi wawili au watatu, vidole vinafukuzana kichwani hadi anashtukia amemaliza. Nimetaja kazi yangu kwa sababu vidole ndivyo vinavyonilisha, na sasa vidole ndivyo vinavyoniliza.

Wiki 7 zilizopita nilijifungua mtoto wa kike, wetu wa kwanza. Alizaliwa salama. Mkunga alipomfuta na kuniwekea kifuani alisema, "Mama, mtoto ako sawa, ila ana vidole vya ziada," kisha akaitwa kwa mzazi mwingine na hakurudi tena. Nilimkunjua ngumi mwenyewe. Mkono wa kushoto, kando ya kidole cha mwisho, kuna kitu kama punje ya mahindi mabichi kimening'inia kwa ngozi nyembamba. Ukikigusa kinacheza kama hereni. Mkono wa kulia mambo ni tofauti. Hapo kuna kidole kamili, kidogo, kina ukucha wake, na mtoto akikunja ngumi nacho kinajikunja pamoja na vingine. Tulipotoka hospitalini hakuna aliyeandika neno lolote kuhusu vidole hivyo. Juzi nilipompeleka kliniki kwa chanjo ya wiki 6, muuguzi alisema ataonwa na daktari wa upasuaji "baadaye". Baadaye ni lini, hakusema.

Mama mkwe alikuja kutoka kijijini kunilea uzazini. Sitamsema vibaya, Shangazi, ningekuwa mwizi wa fadhila. Alinikanda kwa maji moto, alinipikia uji wa wimbi kila asubuhi, alinifulia hata nguo ambazo mtu huona haya kufuliwa. Lakini alipoiona mikono ya mtoto alinyamaza, akamvika glavu za watoto, na tangu siku hiyo glavu hazikuvuliwa. Jua la Kayole linachoma bati, mtoto amebaki na nepi peke yake, lakini mikono imefunikwa. Mgeni akiomba kumshika mkono anaambiwa, "Mwache, ndio amepata usingizi."

Kisha akaja shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu. Mtoto alikuwa amenyonya glavu moja mpaka ikatoka. Shemeji alitazama, akaweka kikombe cha chai chini, akasema mbele ya watu wote, "Kwetu hakuna vidole vya namna hii." Mama mkwe alikuwa ameketi pale pale. Alitazama sakafu. Mume wangu alisema tu, "Wachana na hiyo," mazungumzo yakahamia kwa mpira. Baadaye nikasikia shemeji anamshauri ndugu yake mtoto apimwe DNA. Na mama mmoja wa kikundi cha maombi akaniambia tuombe sana, kwa sababu mtu wa vidole sita kwenye Biblia alikuwa adui wa Daudi.

Siku moja kabla ya kurudi kijijini, mama mkwe aliniita jikoni. Akasema vidole hivyo hufungwa uzi, vinakauka, vinaanguka, na hakuna mtu anayejua. Akafungua pindo la leso, akatoa uzi mweusi wa cherehani. Nikamwomba nizungumze kwanza na mume wangu. Akasema haya ni mambo ya wanawake, na kwamba atarudi Jumamosi ya mwisho wa mwezi ili mtoto afike ubatizoni akiwa "safi".

Usiku huo nilikuwa nimelala kando ya mume wangu. Yeye ni fundi wa simu, kibanda chake kiko Luthuli Avenue, na jioni vidole vyake hunuka moshi wa kulehemu. Nilimshika mkono wa kushoto kama nilivyozoea, kidole gumba changu kikapita pembeni mwa kiganja chake, chini ya kidole cha mwisho. Kuna kinundu hapo. Kidogo kama punje ya dengu, na ngozi yake inateleza. Nimekigusa miaka 3 bila kukiwazia. Niliwasha tochi ya simu. Mkono wa kulia, mahali pale pale, kuna kingine, kidogo zaidi. Akaamka, nikamuuliza ni nini. Akasema, "Mama aliniambia niliungua na uji nikiwa mdogo." Akageukia ukuta.

Shangazi, ni uji gani unaounguza mikono miwili mahali pamoja?

Tangu siku hiyo silali vizuri. Nikimwambia mume wangu ninachowaza, ni kama nimemwita mama yake mwongo. Nikimkabili mama mkwe, ndiye huyo huyo aliyenisitiri uzazini. Nikinyamaza, mtoto wangu atafungwa uzi, nami nitabaki kuwa mwanamke aliyeingiza damu ya nje kwenye ukoo wa watu. Saa nyingine nasema heri afunge tu, yaishe. Wateja wachache ninaowasuka hapa nyumbani wanatania kwamba binti yangu atasuka haraka kunishinda. Ninacheka nao, kisha naingia chooni nalia.

Nifanyeje?

Msusi, Kayole

*

Mwanangu msusi,

Hongera. Naanza na hongera kwa sababu nimeisoma barua yako yote na sikuona mtu hata mmoja aliyekupa. Umejifungua salama, mtoto ananyonya mpaka glavu, chanjo ya wiki 6 amepata. Hongera sana. Baada ya hiyo nakupa pole, na pole yangu ni ya dhati, maana kuketi sebuleni kwako na mtoto wa mwezi mmoja mikononi huku mtu akikutilia shaka, na aliye na la kusema akatazama sakafu, ni jambo linaloweza kumkausha mama maziwa.

Nikikuelewa, umebeba mambo matatu yaliyosukwa pamoja: vidole vya mtoto, neno la shemeji, na vinundu vya mume wako. Kwa sababu yamesukwa pamoja, kila ukivuta moja linavuta mengine, na ndiyo maana unaona kana kwamba njia ni mbili tu, ulipuke au ukubali uzi. Kazi ya kufumua unaijua kunishinda. Hebu tufumue.

Tuanze na mtoto, maana yeye hawezi kungoja wakubwa wapatane.

Mkono wa binadamu tumboni huanza kama kasia, bapa, bila vidole. Kisha sehemu zilizo katikati zinajiondoa zenyewe na vidole vinaachana, na kufikia wiki ya 8 hivi ya mimba vinakuwa vimetengana. Wakati huo wanawake wengi ndio kwanza wanahesabu siku na kujiuliza. Kwa hiyo kama umekuwa ukiamka usiku kukumbuka ulichokula, ulichobeba au uliyemcheka ukiwa mjamzito (hukuniandikia hivyo, lakini nimewasikia akina mama wengi), lishushe hilo sasa hivi. Kidole cha ziada kando ya kidole cha mwisho ni miongoni mwa mambo ya kawaida kabisa ambayo wakunga huyaona kwa watoto wetu. Kwa watu wenye asili ya Afrika hutokea mara nyingi zaidi kuliko kwa wengine. Hesabu inayotajwa sana, ya Marekani, ni takriban mtoto 1 kati ya 143 kwa weusi, na 1 kati ya 1,300 na kitu kwa weupe. Shule moja kubwa ya Nairobi inaweza kuwa na watoto kadhaa waliozaliwa hivyo. Huwaoni kwa sababu wengi walitolewa wakiwa wachanga, na nyumbani hakuna anayetaja.

Umenieleza vidole vile viwili vizuri kiasi kwamba umenirahisishia kazi. Kile cha kushoto, kinachocheza kama hereni, kinashikiliwa na kikonyo cha ngozi chenye mshipa mwembamba wa damu na wa fahamu. Cha kulia ni kitu kingine. Ukitaka kujua kwa nini, shika mkono wako chini ya kiwiko, kisha chezesha vidole kama unayesuka. Unasikia nyama ikicheza huko juu? Vidole vyenyewe havina misuli ya kuvikunja. Misuli iko kwenye mkono na kiganja, na inavivuta vidole kwa kano kama kamba. Kidole kinachojikunja pamoja na vingine basi kuna uwezekano mkubwa kina kano yake, kifundo chake na mfupa wake, na pembeni mwake mishipa ya damu na ya fahamu kama kidole chochote.

Ndiyo maana kuhusu uzi sitazunguka. Kidole chenye mfupa kikifungwa uzi hakidondoki kwa amani. Kinavimba, kinabadilika rangi, kinaoza kikiwa bado kimeungana na mtoto anayekisikia, na uchafu unaweza kuingia kwenye mfupa au kwenye damu ya mtoto wa wiki 7. Hata kile cha hereni, ambacho bibi zetu walikifunga na kikaanguka, mara nyingi huacha kinundu, kwa sababu uzi hauwezi kufika hadi kwenye shina. Ndani ya kinundu hicho ncha ya mshipa wa fahamu iliyokatwa inaweza kujikunja na kuuma kila inapoguswa, hata mtu akiwa mtu mzima. Yapo mahospitali ambako wauguzi walikuwa wakifunga vile vidogo kabisa, kwa hiyo mama mkwe hakuliota jambo hili. Ila daktari akikitoa kwa kisu anakitoa na shina lake.

Muuguzi alisema "baadaye" akakuacha ukining'inia, kwa hiyo nikujazie. Kile cha kikonyo huweza kutolewa mapema, kwa sindano ya ganzi, na mnarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Chenye mfupa kwa kawaida husubiri mtoto akaribie mwaka mmoja au auvuke, ili mwili wake uhimili nusukaputi, na hupigwa picha kwanza ionekane mifupa imekaaje. Daktari mzuri hatatazama vidole vya mikono tu. Atahesabu vya miguu, atasikiliza moyo, atatazama kinywa, kwa sababu mara chache kidole cha ziada huja na jambo jingine. Kwa watoto wetu, kikiwa upande wa kidole cha mwisho, mara nyingi huja peke yake. Hospitali ya Kenyatta ina madaktari wa upasuaji wa kurekebisha viungo, na Kijabe kuna hospitali ya CURE inayoshughulika na mifupa na viungo vya watoto. Ukipiga simu kuomba siku, uliza pia SHA, ile bima ya afya ya serikali, italipa nini na wewe utalipa nini, usije ukashtukia dirishani.

Na ni lazima vitolewe? Hilo sikulisikia likiulizwa na mtu yeyote katika barua yako, si mama mkwe, si muuguzi, si wewe. Kile cha hereni hukwama kwenye nguo na kuchanika, wazazi wengi huona heri kitoke. Chenye ukucha ni cha kufikiria. Wako watu wanaoishi nacho na kukitumia. Hrithik Roshan, yule mwigizaji wa filamu za Kihindi, ana vidole gumba viwili mkono wa kulia, na hakuna aliyemzuia kucheza ngoma mbele ya kamera. Garfield Sobers, mchezaji wa kriketi wa Barbados, alizaliwa mwaka 1936 na kidole cha ziada kila mkono. Vilitoka akiwa bado mdogo, na mwaka 1958 akapiga mikimbio 365 bila kutolewa. Kukitoa kuna hatari ya kila upasuaji na kovu lake. Kukiacha kuna macho ya watu, maswali ya shuleni, na mtoto anayefikisha umri wa kuuliza kwa nini hamkukitoa, au kwa nini mlikitoa. Mnao muda wa kulitafakari. Hakuna kinachoharibika wiki hii.

Isipokuwa kitu kimoja, na hiki nakuomba ukifanye leo. Zivue zile glavu, uzigeuze ndani nje, utazame nyuzi zilizochomoza. Watoto wachanga hujifunga vidole kwa uzi wa glavu au unywele mmoja tu, unazunguka, unakaza, damu haipiti, na mtoto analia usiku kucha bila mtu kujua sababu. Miezi hii baada ya kujifungua nywele za mama hupukutika sana, na wewe juu ya hizo unashika nywele za kuongezea, zinakufuata kwenye nguo hadi kitandani. Kila ukimwosha pitia vidole vyote, vya mikono na miguu, kimoja kimoja, katikati pia. Ukikuta kimekazwa, kimevimba au kimebadilika rangi, usingoje asubuhi, mkimbize hospitali.

Sasa shemeji. Kauli yake ilikuwa "kwetu hakuna", nawe umeingia katika kumjibu kwa kutafuta kiko wapi. Ninakuelewa, na swali lako la uji nimelisoma mara tatu. Vinundu viwili, mikono yote miwili, mahali pamoja: ndivyo hasa uzi unavyoacha alama. Huenda umeona sawa kabisa. Lakini niruhusu nikuulize, binti yangu: je, kama vingekuwa ni vya kuungua? Kama mikono ya mume wako ingekuwa laini pembe zote, wewe ungekuwa na hatia? Kidole cha sita huweza kutoka kwa mzazi mmoja tu. Mtu huweza kuibeba asili hiyo na asiioneshe hata kidogo, ikaruka kizazi, ikatokea kwa mjukuu. Na huweza kutokea kwenye nyumba ambayo hakuna anayekumbuka mwingine, si kwao wala kwenu. Hakithibitishi baba wala hakimkanushi. Kwa hiyo ukiweka heshima yako yote juu ya vile vinundu, umemkubalia shemeji kwamba swali lake lilikuwa la haki, na lililobaki ni ushahidi tu. Sioni kama lilikuwa la haki.

Hiyo DNA ni njia pia, na wako wanawake walioikubali ili wapumue. Wengine walikataa, wakasema karatasi ikianza kuingia kati ya mke na mume haitoki. Sijui wewe ni wa upande gani. Ila angalia ni nani anayeiomba. Mpaka hapa ni kaka mtu, na kwa kusikia. Mume wako hajafungua kinywa kukuambia kitu kama hicho, nawe umeanza kujibu.

Yule mama wa maombi mwambie asome mstari unaofuata. Katika 2 Samweli 21, mstari wa 20 unasema palikuwa na mtu mrefu huko Gathi, vidole sita kila mkono na sita kila mguu, jumla 24. Mstari wa 21 unasema aliuawa alipowatukana Israeli. Vidole vimehesabiwa tu, havikulaaniwa.

Nije kwa mama mkwe, na hapa naandika polepole. Umeniandikia kama mtu anayemwona ameshika siri ili wewe uumie. Inawezekana. Lakini jaribu kumtazama miaka ile, mzazi mchanga kwenye boma la watu, amekunjua ngumi ya mwanawe na kuona ulichokiona wewe. Nani alikuwa ameketi akitazama? Nani alimwambia "kwetu hakuna"? Huenda naye alikabidhiwa uzi na mavyaa wake jikoni, akaambiwa haya ni mambo ya wanawake, na hadithi ya uji ikatungwa ili mtoto asiulizwe. Alipotazama sakafu siku ile, yawezekana alikuwa mwoga tu. Haya ni makisio yangu, sikuwepo. Wala hayafuti kwamba alikuacha usimame peke yako kwa jambo ambalo, kama umeona sawa, angelimaliza kwa sentensi moja. Kumwelewa hakukulazimishi kutoumia.

Ukisema naye peke yenu, mkiwa jikoni alikokuitia yeye, unampa nafasi ya kukuambia kabla hajaumbuliwa. Unaweza hata usiulize. Unaweza kumwekea mtoto mapajani bila glavu, ukasema, "Mama, mimi naogopa huu uzi. Wewe uliwahi kuona ukifanywa?" kisha ukanyamaza. Wazee wengi hujibu ukimya kuliko swali. Hatari yake ni kwamba anaweza kukataa katakata, na ukishauliza huwezi kurudi kuwa asiyejua. Au anaweza kukiri na kukuapisha usimwambie mwanawe, ukabaki umebeba siri yake juu ya mzigo wako. Amua kabla ya kuingia kama uko tayari kwa hilo.

Ukianza na mume wako, unaanza na mtu ambaye mwili huo ni wake. Hilo tusilisahau. Sisi wawili hapa tunajadili mikono ya mtu aliyelala. "Wachana na hiyo" ulilisikia kama utetezi mdogo mno, na huenda lilikuwa dogo, au ndivyo wanaume wa nyumba hiyo wanavyomnyamazisha kaka mkubwa bila kugombana. Na kule kugeukia ukuta kunaweza kuwa usingizi, kunaweza kuwa shaka, na kunaweza kuwa ni mtu aliyewahi kujiuliza swali la uji kabla yako na hakutaka kulimaliza. Hujamuuliza. Unaweza kuweka mkono wa mtoto kando ya wake jioni moja mkimwogesha, bila maelezo. Ni fundi, macho yake yamezoea kutafuta kilicho kidogo. Lakini jua kwamba akiona, hasira yake inaweza kumwendea mama yake, na kesho yake lawama ya hasira hiyo ikakurudia wewe, mkaza mwana aliyekuja kufukua. Pengine atahitaji siku kadhaa za kimya kabla hajaweza kusema lolote. Je, unaweza kukaa karibu na kimya hicho bila kukijaza?

Halafu iko njia ya katikati, ambayo nayo ina miiba yake. Daktari yeyote wa upasuaji mtakayemwona ataandika majina, ataandika uzito, kisha atauliza: katika familia kuna mwingine aliyezaliwa hivi? Huuliza kila mtu. Kwake ni mstari wa kujaza kwenye faili, hakuna shutuma ndani yake. Sasa fikiria ungependa nani awe ndani ya chumba hicho swali likitoka. Wewe peke yako, ujibu "sijui"? Wewe na mume wako, naye akitazama mikono yake? Au wote watatu, mama mkwe akiwa amempakata mjukuu? Kwa wengine swali likitoka kwa mtu wa nje, mwenye koti jeupe, asiyejua ugomvi wa sebuleni, huwa rahisi kulijibu. Kwa wengine ni mtego, na mama mkwe akihisi ulimpeleka kunaswa, uji wa wimbi ulioupata uzazi huu huenda usiupate uzazi ujao. Ukichagua njia hiyo na yeye awepo, nadhani (ni maoni yangu tu) ingemfaa ajue mapema kwamba swali hilo linaulizwa. Mtu akijua linakuja hupata usiku mzima wa kuamua.

Uliandika kwamba saa nyingine unaona heri afunge tu, yaishe. Ninaijua ile hali ya kuchoka mpaka mtu anatamani jambo lolote mradi liwe limekwisha. Lakini umelala miaka 3 karibu na mkono ambao, kama unavyoshuku, uliwahi kumalizwa hivyo.

Kuhusu Jumamosi, usingoje mpaka afike mlangoni na leso yake ndipo utafute maneno. Kama unaweza, pata siku ya daktari kabla hajaja, hata iwe ya mwezi ujao, ili uwe na kitu cha kushika. Kisha mpigie simu, umsalimie, umpe habari za mtoto, na umwambie kwa sauti ile ile unayomwambia mambo ya kawaida: "Mama, kile cha kulia kinajikunja, nahofia kina mfupa. Tumepata siku ya daktari, naomba uzi ukae kwanza." Hapo hujamwita mwongo, hujataja vinundu, hujakataa kuwa mkaza mwana wake. Umesema kama mama wa mtoto, na hilo hakuna anayeweza kukunyang'anya. Akikasirika, mwache akasirike akiwa huko, na mume wako ajue kutoka kwako kwamba umempigia, asije akasikia kutoka kwingine.

Na wale wateja wanaotania kuhusu kusuka kwa vidole sita, sidhani wanakucheka. Ni watu wanaomwona mtoto bila glavu na kufikiria kazi atakayoifanya. Ukitaka, siku nyingine wasipokuwa wengi, mwambie mmoja unayemwamini ukweli wa chooni. Ninaona umemwambia mtu mmoja tu mpaka sasa, na mtu huyo ni mimi, ambaye sina hata njia ya kukushikia mtoto ulale kwa saa mbili.

Niandikie baada ya Jumamosi. Na uniambie mtoto anaitwa nani, hukunitajia jina lake.

Shangazi yako